Ufunguo Wenye Uzi Mwekundu

Kabla ya mnyororo, aliitwa mzee wa stoo, basi. Aligawa makoleo asubuhi, akayapokea jioni yakiwa na udongo, akamgombeza aliyeyaleta na udongo, na hakuna mtu aliyewahi kumpa mikono miwili. Kisha Tajiri mwenye kampuni ya ujenzi akanunua mitambo, yote ya njano, yote ya kiwanda kimoja, akatafuta mtu wa kushika funguo zake. Jicho lake likamwangukia huyu. Alilala mzee wa stoo, akaamka Waziri wa Funguo. Wafanyakazi wakalifupisha, likabaki Waziri, naye hakuuliza kama wanamheshimu au wanamchezea. Aulize ya nini, na jina lenyewe lilimkaa kama suti ya vipimo vyake?

Mnyororo ulikuwa wa kufungia mbwa. Mbwa alishakufa. Waziri aliusugua kwa majivu mpaka ukang'aa, akauzungusha kiunoni na kuning'iniza humo funguo za mitambo, kila ufunguo na uzi wake: uzi mwekundu wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia wenye mkono mrefu, bluu wa greda, kijani wa shindilia, ule wa kugandamiza ardhi, mweupe wa tingatinga. Nyuzi alizitoa kwenye kikapu cha mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani. Akitembea uani alisikika kabla hajaonekana, na hivyo ndivyo alivyopenda.

Kila asubuhi, kabla injini yoyote haijakohoa, madereva walipanga foleni mbele ya ngazi za stoo. Waziri alisimama ngazi ya juu kabisa. Hakuwa mrefu, na ngazi ilimsaidia.

"Kijiko!"

Dereva wa kijiko aliitwa Mpole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akibishana. Alisogea, akainamisha kichwa.

"Nipo, Waziri."

"Unaomba nini?"

"Naomba uzi mwekundu."

"Unaupeleka wapi?"

"Kwenye kijiko."

"Na kwingine?"

"Kwingine siupeleki."

Hapo ndipo ufunguo ulipofunguliwa kwenye mnyororo, taratibu, ukakabidhiwa kwenye viganja viwili vilivyokingwa kama vinaomba maji. Aliyesahau neno moja alirudishwa mwisho wa foleni akajifunze upya. Dada wa shindilia alisahau siku ya kwanza tu, akacheka, akasimama juani mpaka wenzake wote wakaondoka.

Hilo "kwingine siupeleki" ndilo lililokuwa kiini cha dini. Waziri alikuwa ametangaza kwamba kila mtambo una ufunguo wake mmoja, ulioumbwa pamoja nao kiwandani ng'ambo, na hakuna wa pili duniani. Ukithubutu kuchomeka ufunguo wa greda kwenye kijiko, switchi inaungua, nyaya zinayeyuka, na wewe unalipa mpaka wajukuu zako. Habari hizi hakuzipata kwa mtu. Alizitunga mwenyewe wiki ya kwanza, na kufikia wiki ya pili alikuwa ameziamini kuliko wote. Kwa hiyo hata yeye, mwenye funguo zote kiunoni, hakuwahi kujaribu.

Tajiri alifurahishwa mno. Alikuwa mtu wa kupita na gari, kushusha kioo, kutazama na kupandisha kioo, na alichokuwa akikiona kila alipopita ni foleni iliyonyooka. Akasema, "Mtu anayelinda funguo namna hii, huyo ndiye atakuwa mkuu wa karakana." Pembeni mwa uwanja alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa ajili ya huyo mkuu. Jumatatu wageni wangekuja, kijiko kingechimba msingi wa karakana mpya mbele yao, na Tajiri angemkabidhi Waziri ufunguo wa nyumba ukiwa na utepe.

Mkewe Waziri hakungoja Jumatatu. Walikuwa wakiishi kwenye vyumba viwili vya kupanga, dirisha moja, nalo ukubwa wake ni wa sinia. Alikwenda kwenye nyumba mpya na utepe wake wa kupimia, akayapima madirisha yote, akarudi na kukaa kwenye cherehani. Mapazia ya maua makubwa, marefu, yenye pindo mara mbili. Alikuwa amewaambia dada zake, ameaga majirani wawili asiowapenda, na mama mwenye nyumba alishajibiwa jeuri kidogo. Kurudi nyuma hakukuwepo.

Sasa Ijumaa jioni, baada ya kupokea funguo zote, Waziri alikwenda chooni. Choo cha uani kilikuwa cha shimo, na mtu mwenye mnyororo wa mbwa kiunoni hawezi kuchuchumaa hivi hivi. Lazima kwanza aufungue, auvae shingoni. Alifanya hivyo kila siku. Siku hiyo alikuwa akiimba kwa furaha, akainama ghafla, kishikizo cha ufunguo wa kijiko kikaachia. Aliuona uzi mwekundu ukipita mbele ya pua yake. Akasikia chubwi.

Alikaa palepale muda mrefu kuliko haja iliyompeleka. Kwa miaka yote aliyowahubiria watu kwamba ufunguo wa kijiko hauna wa pili, hakuwahi kufikiria kwamba mahubiri hayo yangemhusu na yeye. Jumatatu Tajiri angesema, "Haya, washeni," na Waziri angesema nini? Kwamba ufunguo pekee duniani uko huku chini? Alijaribu kuchungulia. Nani angemlaumu kwa kutoendelea?

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa chungu. Mdogo wake mkewe alikuwa mchonga funguo, mwenye kibanda cha mabati karibu na lango la soko, mtu asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Waziri alikuwa na desturi ya kumtambulisha kwenye sherehe za familia akisema, "Huyu shemeji yangu, naye yuko kwenye funguo, ila zile ndogondogo, za makabati." Sasa ilimbidi aende kwa wa makabati.

"Ooh, shemeji!" Mchonga funguo aliacha tupa yake kando ya jiliwa, kile kibano cha mezani. "Leo umepotea njia?"

"Nilikuwa napita tu, nikaona nikusalimie."

"Salama. Umepoteza ufunguo gani?"

"Nani kasema nimepoteza? Ni rafiki yangu mmoja."

"Rafiki yako kapoteza ufunguo gani?"

Waziri alitazama nyuma, akasogea. "Wa mtambo. Na najua hutauweza, shem, sitaki nikusumbue. Zile funguo zinatoka kiwandani. Kila mtambo na wake."

"Mtambo gani?"

"Kijiko."

"Cha njano?"

"Cha njano."

"Kichwa cha ufunguo kina plastiki au ni chuma kitupu?"

"Chuma kitupu. Kina tundu."

"Shingoni una namba iliyogongwa?"

Waziri aliitaja namba hiyo kwa unyenyekevu kama mtu anayetaja jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa akiipangusa kila siku kwa kitambaa. Shemeji hakuiandika wala hakukuna kichwa. Aliinama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimimina mezani. Zikamwagika funguo kwa mlio wa mvua ya mawe. Zote chuma kitupu, zote na tundu, zote na namba ile ile shingoni.

"Chagua," alisema.

Waziri hakugusa. "Hizi ni za nini?"

"Za kijiko. Na za greda. Na za shindilia. Na za tingatinga. Kile kiwanda, shemeji, mitambo yake yote ufunguo ni mmoja. Mpya, mkuukuu, wa huku, wa ng'ambo. Wametengeneza hivyo makusudi, maana mtambo ukilala kwa sababu dereva kasahau ufunguo nyumbani, hasara yake si ndogo. Mtu anayeuliza anaambiwa. Wewe hujawahi kuuliza?"

"Uongo."

"Kajaribu."

"Nani ananunua vitu hivi?" Sauti ya Waziri ilikuwa imekonda.

Hapa shemeji alicheka, na tucheke naye na sisi kwa kuwa alikuwa na raha ya miaka mingi iliyomsubiri. "Madereva wako! Kila anayeajiriwa kwako, hamalizi wiki, yuko hapa. Wengine wanachukua mbili, mmoja wa akiba. Wananiambia, msalimie Waziri. Mimi nasema nitamsalimia, ila wewe sikuoni."

Ungedhani mtu aliyepigwa namna hiyo angechukua ufunguo mmoja toka kwenye lundo na kuondoka kimya. Humjui Waziri. Alijinyoosha, akarekebisha mnyororo, akasema hataki wa kopo. Wa kopo umeshikwashikwa. Anataka achongewe wake mwenyewe, mpya, kutoka kipande kisichoguswa. Shemeji akamtazama kwa huruma fulani, akabana kipande kitupu upande mmoja wa mashine na ufunguo wa kopo upande wa pili, akawasha. Mashine ilipiga yowe, vumbi la chuma likaruka, meno yakatokea moja baada ya jingine. Akausugua kwa brashi, akagonga namba shingoni, akampa. Ulikuwa wa moto bado. Waziri aliufunga uzi mwekundu aliokuja nao mfukoni.

Jumamosi aliamka kabla ya mkewe, akafika uani kabla ya mtu yeyote isipokuwa mlinzi wa getini, ambaye alikuwa akisinzia kwa cheo chake. Alipanda kwenye kijiko. Kwanza akaweka ufunguo mpya, kikawaka. Akazima. Kisha akachukua wa bluu, wa greda, akafumba macho akingoja nyaya ziyeyuke, akazungusha. Kijiko kikakohoa, kikanguruma vizuri tu. Akaweka wa kijani. Kikanguruma. Akashuka, akapanda shindilia na ufunguo wa tingatinga, akapanda greda na ufunguo wa shindilia, akazunguka uwanja mzima akipanda na kushuka na kuwasha na kuzima kama mtu anayetafuta angalau mtambo mmoja wenye haya. Hakuupata.

Aliketi kwenye kiti cha tingatinga, akauweka mnyororo mapajani. Aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba kiunoni ufunguo mmoja mara nne.

Kisha madereva wakaja, wakapanga foleni. Hiyo ndiyo asubuhi aliyoiona foleni kwa mara ya kwanza. Aliwaona wanavyovuta pumzi kabla ya zamu zao kama watu wanaozuia chafya. Aliona dada wa shindilia anauma mdomo kwa ndani. Aliona mfuko wa shati la Mpole, na kwenye kitambaa kilichofuliwa sana umbo la kitu chenye kichwa cha mviringo na tundu katikati. Kumbe miaka yote walikuwa wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye anang'aa.

Angeweza kuishia hapo. Angeweza kusema, jamani, kila mtu na ufunguo wake, tuingie kazini. Badala yake alipanda ngazi ya juu.

"Kijiko!" Sauti ilitoka kubwa kuliko siku zote.

"Nipo, Waziri."

"Unaomba nini?"

Wakaenda nayo mpaka mwisho. Mpole aliupokea ufunguo kwa viganja viwili, akautazama jinsi unavyometa, mpya kabisa, kazi ya mkono anaoujua. Akainua macho, wakatazamana. Kisha Mpole akainamisha kichwa chini zaidi kuliko kawaida, na Waziri akaona ni huruma, na huruma hiyo ikamchoma kuliko kicheko.

Jumapili ni mapumziko. Waziri aliitumia kuupiga pasi mkanda wake, kitu kisichopigwa pasi.

Jumatatu asubuhi hapakuwa na foleni; kulikuwa na hema lililoupa mgongo upande wa mitambo, viti vyenye vitambaa, na maji ya chupa. Wageni walikuwa wamevaa kofia ngumu mpya na viatu visivyofaa. Mkewe Waziri alikaa mstari wa pili akiwa na mfuko mkubwa mapajani. Ndani yake mapazia, yamepigwa pasi, na ndoano zake. Alikusudia kuyatundika siku hiyo hiyo. Tajiri alishika maikrofoni, akasifu nidhamu, akasifu usalama, akaonyesha ufunguo wa nyumba wenye utepe, akasema, "Sasa kijiko kije!"

Watu wote wakageuka kutazama mahali kijiko kilipo. Kijiko hakikuwepo.

Kilichokuwepo ni alama zake. Mtambo unaotembea kwa minyororo badala ya magurudumu haupiti kwa siri. Ulikuwa umechana uwanja mistari miwili, ukapita getini, ukakata barabara ya vumbi na kuelekea viwanjani. Tajiri akafuata alama hizo kwa miguu. Wageni wakamfuata Tajiri. Waziri akafuata, analia kama kengele kwa funguo zake, na nyuma yake mkewe na mfuko wake, kisha madereva wote. Mtaa wa pili tu wakakikuta, kimelalia ubavu kwenye shimo kilicholichimba chenyewe, mkono wake umeinuliwa juu kama mtu anayeomba msaada. Pembeni alisimama mama mmoja mwenye kiwanja, amejifunga khanga kiunoni.

"Nyie ndio wenye mtambo?" aliwauliza. "Shimo langu la choo halijaisha! Mtu kaanza jana, kaniachia li-mtambo, kakimbia!"

Tajiri akamwita mlinzi wa getini. Mlinzi alikuja akivuta suruali.

"Nani alitoa mtambo?"

"Sikumwangalia usoni, bosi. Kofia ilikuwa chini."

"Na ukafungua geti?"

"Nilifungua, bosi. Mtambo ulikuwa unawaka. Nikasema, kama unawaka ufunguo umetoka kwa Waziri, na kama umetoka kwa Waziri umeruhusiwa. Ufunguo si ni mmoja duniani? Mwenyewe anatuambia kila siku."

Tajiri akageuka polepole. Alitazama mnyororo, uzi mwekundu ukiwa mahali pake, kisha akamtazama mwenye mnyororo.

"Funguo za kijiko ziko ngapi?"

Hili lilikuwa swali jepesi kabisa. Waziri alikuwa na jibu lake kiunoni. Angepanda pale kwenye kijiko kilichoinama, angechomeka ufunguo wa greda mbele ya wageni, kingenguruma, na kila mtu angeelewa kwamba mwizi anaweza kuwa yeyote mwenye mfuko wa shati. Angeokoka. Nyumba, huenda ingeokoka. Alishika hata uzi wa bluu kati ya vidole viwili. Madereva walimwona akiushika; Mpole aliishiwa damu usoni.

Lakini Waziri alikwisha kusikia swali linalofuata, kabla Tajiri hajaliuliza: kama kila mtu anao, wewe unalinda nini? Aliiona ile foleni, akaona ngazi ya juu, akajiona tena akigawa makoleo. Mwizi ni mtu mbaya, lakini ni mtu. Mlinzi wa kitu kisicholindika ni nini?

"Mmoja," alisema.

"Na uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niliutoa mimi, bosi."

"Ukampa nani?"

"Hilo sisemi."

Madereva walibaki midomo wazi. Dada wa shindilia akaanza kulia kabisa, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Wote walidhani anawaficha wao, na mpaka leo wakikaa kunywa chai wanamtaja kwa heshima. Hakuwaficha wao. Alikuwa anauficha mnyororo.

Tajiri hakupiga kelele. Alimwambia ashukuru hapelekwi polisi, akanyoosha mkono, na Waziri akaufungua mnyororo kiunoni. Suruali ikalegea kidogo. Tajiri alitazama huku na huku akitafuta mtu mwaminifu, mtulivu, asiyebishana, na jicho lake likamwangukia Mpole. Akamkabidhi palepale kandokando ya shimo: mnyororo, nyuzi, na ufunguo wa nyumba pamoja na utepe wake. Mpole alipokea kwa mikono miwili. Mikono ilijua kazi hiyo kwa mazoea.

Waziri na mkewe walirudi kwa miguu. Mfuko wa mapazia ulikuwa mzito, na mkewe hakumruhusu aubebe. Walipofika nyumbani akaufunga mlango.

"Ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Baba watoto, usinizungushe. Ulimpa nani?"

Akamweleza. Chubwi, kopo la maziwa, greda, shindilia, uzi wa bluu kati ya vidole viwili. Mkewe alianza kucheka hadithi ilipofika chooni, akacheka mpaka akaketi kwenye kiti cha cherehani, na kicheko kilipofika kwenye uzi wa bluu kikakatika.

"Yaani ulikuwa nao mkononi," alisema. "Nyumba yangu ulikuwa nayo mkononi. Ungezungusha tu hivi." Alionyesha kwa kidole. "Ukaona bora nilale hapa, kwenye dirisha la sinia, kuliko watu wajue unabeba vyuma."

"Walikuwa wanajua."

"Eh?"

"Walikuwa wanajua wote. Tajiri tu ndiye hajui."

Mkewe akainuka, akayatoa mapazia, akayatundika kwenye lile dirisha moja. Yalifunika dirisha, yakafunika ukuta, yakafika sakafuni na kujikunja huko kama gauni la bibi harusi. Hakuyakata. Kila Waziri alipotaka kupita ilimbidi ayanyanyue, na hilo alilikusudia. Wiki ya pili mke wa Mpole akatuma mtu kuulizia kama mapazia yale yanauzwa. Jibu alilopewa haliandikiki.

Kazi aliipata kwa shemeji, kwani nani mwingine angempa? Mwanzoni aliwekwa kupanga funguo ghafi kwenye misumari. Lakini tabia ni ngozi. Mtu analeta ufunguo wa kufuli la duka, anataka wa pili haraka aondoke, Waziri anaupokea, anaupangusa kwa kitambaa, anaugeuza kwenye mwanga, anauliza, "Huu unafungua wapi? Na kwingine?" Kisha anaufunga uzi. Shemeji alimkemea, akamwambia hapa si ikulu. Akanyamaza alipoona watu wanapita vibanda vingine viwili na kuja hapo. Kumbe watu wanapenda kungojeshwa kidogo. Wengine walirudi na funguo zao za zamani zifungwe uzi na zenyewe.

Siku moja mchana, shemeji amekwenda kula, mtu alisimama mbele ya kibanda akitazama nyuma yake. Alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa Mpole. Amenenepa, shati jipya, mnyororo kiunoni umesuguliwa kwa majivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nilikuwa napita tu, nikaona nikusalimie."

"Salama," alisema Waziri. "Umepoteza ufunguo gani?"

Mpole akaeleza kwa sauti ya chini kwamba ule wa uzi mwekundu ulidondoka, hata hajui wapi, na kesho asubuhi kuna foleni, na hajalala tangu jana. Alikuwa na majonzi ya kweli. Waziri alitazama mfuko wa shati jipya. Umbo lilikuwemo: kichwa cha mviringo, tundu katikati.

"Si unao huo mfukoni?"

Mpole alishusha macho, akaugusa mfuko kama vile ameusahau.

"Huu?" Alionekana kufikiri, na kweli alikuwa akifikiri. "Huu ni wangu tu, mzee. Siyo ule."

Waziri hakucheka. Alikuwa ameingoja siku ya kucheka, ameifanyia hata mazoezi, na sasa imefika akaikuta haina kicheko. Aliinama chini ya meza, akalisogeza kopo la maziwa kando bila kulifungua, akatoa kipande kipya kisichoguswa na mtu. Chini ya meza kulikuwa na kigoda cha shemeji. Akakivuta, akapanda juu yake.

"Kijiko!"

Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka. Mpole akavua kofia.

"Nipo, Waziri."

"Unaomba nini?"

"Naomba uzi mwekundu."

"Unaupeleka wapi?"

"Kwenye kijiko."

"Na kwingine?"

Mpole alikinga viganja viwili juu ya meza.

"Kwingine siupeleki."

Waziri akawasha mashine.